Babu Mkuu wa Miaka Ishirini na Minne

Mlango ule uliofunguka Jumamosi iliyopita, na kuwakosesha baadhi yenu usingizi, haukusukumwa na upepo. Ulisukumwa na Mzee Tak Eung-su mwenyewe.

Alisimama kizingitini mwa ghala la vyungu, kanzu yake nyeupe ya ibada imepigwa pasi mpaka inakata, kofia yake nyeusi ya singa za farasi imekaa wima kichwani. Mbele yake mjukuu wake wa pekee, Tak Bo-ram, alikuwa amepiga magoti katikati ya vyungu vya mchuzi wa soya, anaongea Kiingereza na simu iliyoegemezwa kwenye chungu.

Na ndani ya simu, mzungu mwenye ndevu nyekundu.

Kwa aliyefungia maandazi gazeti la wiki jana, kisa ni kifupi. Familia nzima inaamini Bo-ram anajiandaa na mtihani wa taifa ili aingie chuo kikuu Seoul. Bo-ram ana yake. Tangu siku ardhi ilipotikisika akiwa darasa la pili, ikapasua nusu ya vyungu vya marehemu bibi yake, msichana huyu anataka kitu kimoja tu: kusomea matetemeko ya ardhi. Na chuo alichokipenda kiko Nyuzilandi, nchi ambayo ardhi yake haijui kutulia.

Chuo kilipomwambia achague siku ya usaili, alitazama kalenda, akaona Ijumaa moja yenye wino mwekundu. Akafurahi kuwa hakuna shule. Hakujiuliza kwa nini hakuna shule. Ijumaa ile ilikuwa Chuseok, siku ambayo ukoo mzima wa Tak hukusanyika kijijini, nyuma ya milima ya Andong, kuwaandalia marehemu wao chakula.

"Huyu ni nani?" Babu akauliza.

"Mwalimu, Babu."

"Mwalimu gani anafundisha siku ya Chuseok?"

"Kwao si Chuseok."

"Na kwenu?"

Nyuma ya bega la Babu kikachomoza kichwa cha Shangazi Mal-sun, mwanamke ambaye mtu akipiga chafya Andong, yeye huwaambia watu wa Busan waandae sanda. Alitazama simu, akatazama ndevu, kisha akatazama mdomo wa Bo-ram uliopakwa rangi kidogo kwa ajili ya usaili.

"Nilijua," akasema taratibu. "Mchumba."

"Shangazi, si mchumba."

"Kila mchumba huanza kwa kuwa si mchumba."

Akageuka, na habari ikamtangulia. Ilipofika jikoni, posa ilikuwa imeshapokelewa. Ilipowafikia wazee waliokuwa wakiota jua ukumbini, bwana harusi alikuwa na kondoo elfu nne na jicho moja la kioo.

Yule wa kwenye simu, Profesa Haddow, hakuelewa hata neno, ila alimwona mzee mwenye kofia. Akasimama upesi, akainama. Aliinama vibaya, kama mtu anayetafuta funguo chini ya meza, na alipojinyanyua akagonga kichwa kwenye taa iliyoning'inia.

Babu aliitazama ile taa ikibembea.

"Ana adabu," akasema. "Mafunzo hana, lakini adabu anayo. Sasa niambie ukweli, Bo-ram. Leo marehemu wako mlangoni. Ukidanganya, unawadanganya vizazi kumi na vinne."

Kumdanganya mmoja Bo-ram aliweza. Vizazi kumi na vinne ni wengi.

"Babu, sitaki Seoul. Nataka kwenda Nyuzilandi, nikasome matetemeko ya ardhi. Huyu ni profesa wa huko. Ananisaili."

"Matetemeko."

"Ndiyo, Babu."

"Watu wenye akili hulikimbia tetemeko. Wewe unalifuata kwa ndege?"

"Lazima mmoja alifuate, ili wengine wajue wasijenge wapi."

Jibu lilikuwa limempendeza Babu, na hilo ndilo lililomuudhi.

"Nyumba hii ndiyo mama wa nyumba zote za ukoo wetu," akasema. "Mimi mtoto wa kiume nilimzaa baba yako tu, baba yako akakuzaa wewe, basi. Ukiondoka wewe, siku nikifa nani atawapokea hawa mlangoni? Hapana."

Akaufunga mlango polepole, kama mtu anayefunika chungu kisiingie inzi.

"Hiyo," akasema Profesa Haddow, "nadhani ilikuwa hapana."

"Ilikuwa hapana," Bo-ram akakiri.

"Sikia, Bo-ram. Majibu yako nimeyapenda. Tatizo ni umri wako."

Umri wenyewe ulikuwa kizungumkuti. Nyumbani, ambako bado mtoto huhesabiwa mwaka mmoja siku anayozaliwa na mwingine kila mwaka mpya unapoingia, Bo-ram alikuwa mtu mzima wa miaka kumi na tisa. Kwa hesabu ya kule alikuwa na kumi na saba, na wa kumi na saba hapewi nafasi mpaka mlezi wake aseme ndiyo kwa kinywa chake.

"Nafasi zinafungwa leo nitakapotoka ofisini," profesa akasema. "Baba yako anaweza kuja kwenye simu?"

"Anaweza. Ila kusema ndiyo bila Babu, hawezi. Tunafanya ibada, halafu tunakula. Unaweza kunisubiri?"

Profesa akanyanyua mkate wenye nyama katikati, ukubwa wa kiatu. "Nina chakula. Nitangoja. Lakini wakija kunifungia jengo, sitakuwa na la kufanya."

*

Ukumbini, Jeong-pil, baba yake Bo-ram, alikuwa akipanga matunda kwenye meza ya marehemu: mekundu mashariki, meupe magharibi. Mjini Jeong-pil ni meneja wa bima, akipita watu husimama. Akivuka kizingiti cha nyumba ya baba yake, hurudi kuwa na miaka tisa.

"Baba, profesa anataka kusikia ndiyo yako tu. Neno moja."

"Babu yako amesemaje?"

"Amesema hapana."

"Basi si umeshasikia."

"Nimesikia ya kwake. Ya kwako ni ipi?"

Jeong-pil akalizungusha tofaa ili shavu lake jekundu litazame mbele. "Mimi naona tofaa hili limeegemea upande."

"Baba."

"Mwanangu, ningekuwa na neno langu humu ndani, unadhani ningeuza bima? Mimi nilitaka kupiga tarumbeta."

"Wewe?"

"Tarumbeta. Usimkumbushe mama yako, anadhani nilikuwa natania."

Bo-ram akamwacha na matofaa yake, akakimbilia jikoni. Wanawake walikuwa wakikaanga tangu jana, hata nyusi zao zilinukia mafuta. Mama yake, aliyeijua siri tangu mwanzo na ndiye aliyemwazima rangi ya mdomo, akamtia kinywani kipande cha samaki kabla hajasema neno.

"Tafuna kwanza. Mwenye njaa hapangi vita."

"Mama, Babu kakataa. Baba anazungusha matofaa."

"Baba yako anazungusha matofaa tangu anioe." Akageuza samaki wengine, akapunguza sauti. "Wewe unapiga kelele chini ya mlima, na mlima wenyewe una kilele. Humu ndani yupo mtu ambaye babu yako humwinamia."

"Babu ana miaka themanini na moja. Waliomzidi wote wako makaburini, tumewafyekea nyasi juzi."

"Sijasema aliyemzidi miaka."

Nje, pikipiki ikanguruma.

Sasa hapa twende pole. Katika koo hizi ukubwa hauhesabiwi kwa mvi. Kizazi huja kwanza, mvi baadaye. Na ukoo wa Tak ulikuwa na tawi moja ambalo wanaume wake walioa wakishazeeka: mmoja alipata mtoto akiwa na miaka sitini, mtoto huyo akapata wake akiwa na sitini na mbili, na inasemekana babu yao mmoja alikwenda kuposa akiwa na fimbo mbili, moja ya kutembelea na moja ya akiba. Tawi lile likachelewa nyuma ya wakati, kama basi lililoharibika njiani. Matokeo yake ndiyo hayo yaliyokuwa yakivua helmeti uani: Tak Hyeon-do, miaka ishirini na minne, mpeleka kuku wa kukaanga mjini Daegu, nywele rangi ya mahindi. Kwa kizazi, alikuwa baba mdogo wa Babu.

Mzee Tak Eung-su, ambaye hata mkuu wa wilaya humfuata alipoketi, alishuka ngazi mbio, kiatu kimoja cha mpira mguuni na kingine mkononi.

"Baba mdogo, umefika salama? Barabara haikukutesa?"

"Nimefika, Mzee, nimefika. Tafadhali usiiname."

"Nisipoinama mimi, hawa watoto watajifunza kwa nani?"

Akainama. Hyeon-do, kwa haya, akainama chini zaidi. Babu akaona amepitwa, akashuka tena. Wakashindana hivyo mpaka kofia ya singa ikagusa ngazi, na kama Shangazi asingewatenganisha, wangekutana chini ya ardhi.

Bo-ram aliiona kofia ile ikigusa ngazi. Akaacha kutafuna.

*

Bo-ram alimkamata Hyeon-do nyuma ya jiko, mashavu yake yamejaa songpyeon, vikeki vya mchele alivyoiba sinia zima.

"Shikamoo, Babu Mkuu."

Hyeon-do akapaliwa. "Usiniite hivyo. Juzi shangazi yako alinipigia simu nikiwa mkahawani na msichana, sauti ikatoka yote: 'Babu Mkuu, utakuja lini?' Msichana akaniuliza nina miaka mingapi hasa. Hajarudi mpaka leo."

"Nina shida, na mwenye dawa ni wewe."

Akamweleza yote, toka kalenda mpaka mkate wa profesa. Hyeon-do alisikiliza akipunguza kutafuna, na mwisho akaacha kabisa.

"Unataka nimwamrishe mzee wa miaka themanini na moja? Mimi mteja akisema kuku amepoa nampigia magoti, na kuku hajapoa."

"Babu anakuinamia."

"Ananiinamia sikukuu mbili kwa mwaka. Siku zinazobaki mimi nainamia hata lifti." Akafuta ufuta mdomoni. "Kwani lazima Nyuzilandi? Matetemeko hata hapa kwetu yapo."

"Yapo kidogo. Ni kama kujifunza kuogelea kwenye beseni."

"Na ukifika huko ukaogopa?"

"Nitaogopa. Lakini nitakuwa nimefika."

Hyeon-do alikuwa kijana aliyekwenda Daegu akisema ni kwa miezi mitatu tu, na miezi ile ilikuwa sasa na umri wa kuanza shule.

"Haya," akasema. "Nitasema. Ila baada ya kula. Mimi na njaa sina ukubwa wowote."

Upande wa pili wa ukuta, kifuniko cha sufuria kikaanguka. Kisha zikasikika hatua, nyepesi na za haraka. Bo-ram alizijua hatua zile. Katika ukoo mzima, ni mtu mmoja tu anayeweza kukimbia na kunyata kwa wakati mmoja.

"Shangazi," akanong'ona.

*

Ibada ikafanyika. Pombe ya mchele ikamiminwa, wanaume wakasujudu, wanawake wakasujudu, kisha wote wakageuka ukutani kuwapa marehemu nafasi wale bila kutazamwa. Katika kimya kile Bo-ram alifumba macho akamwomba bibi yake: kama samaki amekolea chumvi, na mimi nikumbuke.

Alipofumbua, alimwona Shangazi Mal-sun amemwinamia Babu sikioni. Babu aliitikia kwa kichwa mara moja. Halafu akatabasamu.

Bo-ram hakuwahi kuliogopa tetemeko kama alivyoliogopa tabasamu lile.

Chakula cha marehemu kikashushwa kiliwe na walio hai. Meza za miguu mifupi zikapangwa, na Hyeon-do akasukumwa mpaka mahali pa juu kabisa, mto wa hariri chini yake, nywele zake za mahindi ziking'aa kati ya wazee wenye mvi waliokuwa wakisubiri achukue kijiko ndipo nao wachukue.

"Subirini," Babu akasema. "Yule mwenye ndevu bado yuko ghalani?"

"Bado yupo, Babu."

"Mgeni haachwi na vyungu. Mleteni."

Simu ikaletwa. Ikaegemezwa kwenye tunda kubwa la pea, mbele yake kikawekwa kibakuli cha supu, vijiti, na vikeki vitatu. Profesa Haddow akakiangalia kile kibakuli asichoweza kukifikia, akashukuru kwa kuinama. Safari hii aliishika taa kwanza.

"Anajifunza haraka," Babu akasema.

Hyeon-do alikula. Alikula supu, akala samaki, akala nyama, akaongeza wali. Bo-ram alimtazama kila tonge likishuka. Ndani ya simu, nyuma ya profesa, taa za ukumbini mwa jengo zilikuwa zimeanza kuzimwa moja moja.

Bo-ram akakohoa. Hyeon-do akaweka vijiti chini.

"Ndugu zangu," akaanza. "Nina neno."

Kabla hajaendelea, Babu alikuwa ameshapiga magoti mbele yake, ameshika chupa kwa mikono miwili.

"Pokea kwanza, Baba mdogo."

Huwezi kukataa kikombe unachomiminiwa na mzee kwa mikono miwili. Hyeon-do akapokea, akanywa.

"Najua unalotaka kusema," Babu akaendelea, sauti laini kama maziwa ya soya. "Unataka Bo-ram aende ng'ambo. Wewe ni mkuu wa kizazi, sisi wote hapa ni watoto wako. Ukisema aende, ataenda, na mimi sitafungua kinywa."

Ilikuwa rahisi mno.

"Lakini mkubwa ni jalala, Baba mdogo. Kila kitu hutupiwa yeye. Nyumba hii haikai bila mtu, na mtu wake ni huyu unayetaka kumtoa. Ukimtoa, ziba pengo. Utahamia hapa. Utalala chumba kile cha mbele, utafyeka makaburi, utashika ibada zote, na kofia hii utaivaa wewe."

Akaivua kofia ya singa, akaiweka mezani mbele ya kijana, katikati ya samaki na wali.

Shangazi Mal-sun, aliyekuwa mlangoni na sinia, alijikuna shingo kwa raha ya mtu aliyeuona mtego ukifyatuka.

Hakuna aliyetafuna. Hata wazee viziwi walikuwa wameelewa. Hyeon-do aliitazama kofia kama mtu anayetazama helmeti ya pikipiki asiyojua kuiendesha.

"Kuna nini?" profesa akanong'ona kutoka kwenye pea.

"Wanauza mtu," Bo-ram akajibu kwa Kiingereza. "Ili mimi niende, yeye abaki."

Alipoyasema kwa lugha ya kule, maneno yale yakamwingia kuliko alipoyasikia kwa lugha ya kwao. Alimwangalia kijana wa watu. Masikio ya Hyeon-do yalikuwa mekundu. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza.

Bo-ram akasogea mbele kwa magoti. Sauti yake ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Babu Mkuu, usikubali kwa ajili yangu. Nitafanya mtihani wa Novemba. Nitakwenda Seoul. Hata Seoul kuna vitabu vya matetemeko."

Kutoka penye matofaa, Jeong-pil akatoa sauti ndogo kama mtu aliyeng'atwa na mdudu.

Hyeon-do akainua uso. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akautumia ukubwa wake.

"Nyamaza, mtoto," akasema. "Wakubwa wanaongea."

Bo-ram akarudi nyuma kwa magoti.

Hyeon-do akaiinua kofia kwa mikono miwili, akaiweka juu ya nywele zake za mahindi. Ilimkaa upande, kama kunguru aliyetua kwenye gunia la nafaka. Hakuna aliyecheka.

"Daegu ninalala juu ya paa la watu, kwenye chumba ambacho nikinyoosha miguu nafungua mlango," akasema. "Hapa kuna nafasi, kuna supu. Na fyekeo la makaburi nitalizoea. Nakubali, nahamia."

Ukumbi ukanong'ona.

"Sijamaliza. Nikikaa hapa kama mkuu, amri ni zangu. Ya kwanza, kuanzia leo hakuna mtu wa ukoo huu atakayeniuliza nitaoa lini."

Wazee wakaguna kwa uchungu. Shangazi Mal-sun aliegemea mlango, kwa maana alikuwa na wasichana watatu aliokwisha kuwapa ahadi.

"Ya pili, ndiyo ya Bo-ram itolewe sasa hivi, huyu bwana akiwa bado hajafungiwa jengo. Na isitolewe na baba yake, maana tutakesha na matofaa. Itoke kinywani mwako." Akavuta pumzi. "Mwanangu Eung-su."

Kijiko kikaanguka mahali fulani.

Tangu baba yake mzazi azikwe, hakuna aliyekuwa amemwita Mzee Tak Eung-su kwa jina, sembuse mwanangu. Shingo yake iliwaka, wekundu ukapanda mpaka kwenye masikio. Mishipa ya mikono ikasimama. Bo-ram aliona midomo ya Babu ikitetemeka, akajua kwamba sasa kila kitu kimeharibika, cha kwake na cha Hyeon-do.

Kumbe mzee alikuwa anajizuia asicheke.

"Miaka hamsini," akasema hatimaye, "nimeiongoza nyumba hii nikingoja mtu wa kunijibu. Huyu ndiye mkuu. Mmemwona? Huyu ndiye."

Akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, safari hii bila kushindana na mtu. Kisha akasimama, akajipangusa kanzu, akaenda akakaa mbele ya pea, uso kwa uso na zile ndevu nyekundu.

"Bo-ram. Tafsiri. Mwambie mimi Tak Eung-su, mwenye nyumba hii mpaka asubuhi ya leo, nasema ndiyo."

Bo-ram akatafsiri. Sauti yake ilikatika katikati, akaanza upya. Ndani ya simu profesa akapiga ngumi hewani kwa furaha. Mama yake Bo-ram alikuwa mlangoni, aproni imefunika uso, mabega yakicheka au yakilia. Jeong-pil akanyanyua tofaa moja kutoka meza ya marehemu, akaling'ata mbele ya baba yake bila ruhusa.

"Sijamaliza na mimi," Babu akasema.

Waliokuwa wakinyanyua vijiko wakavirudisha mezani.

"Tangu nikabidhiwe mlango huu sijalala nje ya wilaya hata siku moja. Nimekuwa kufuli. Leo nyumba imepata kufuli jipya, lenye meno. Mimi niko huru." Akawageukia, kichwa wazi, mvi zake zikisimama kama nyasi baada ya mvua. "Mwambie mwenye ndevu kwamba mjukuu wangu hatapanda ndege peke yake. Nakwenda naye. Nitakaa nione analala wapi, anakula nini, na hilo tetemeko lenyewe nilione kwa macho kabla sijamkabidhi."

Sinia la Shangazi Mal-sun likaanguka, na vikeki vikaviringika mpaka uani.

"Baba, una miaka themanini na moja," akasema.

"Kwa hesabu ya kule ni sabini na tisa. Nimesikia wao hupunguza."

Profesa Haddow alikuwa akitazama huku na huku. "Amesema ndiyo, sivyo? Ila naona amesema na mengine mengi."

Bo-ram akamweleza, polepole, akiomba radhi kila baada ya sentensi. Alisubiri uso ule wenye ndevu ukunjamane. Haukukunjamana. Profesa alikuna kidevu, akamchunguza mzee kwenye simu kutoka utosini mpaka kwenye mkanda wa kanzu, kama mtu anayepima kabati kama litapita mlangoni.

"Mwambie babu yako karibu sana," akasema. "Hoteli za nini. Mama yangu ana umri kama wake, ni mjane, anaishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba sita. Anapika vizuri, ana ulimi mkali, na mwaka jana amewafukuza wapangaji wanne kwa kuchelewa kuamka. Muulize yeye huamka saa ngapi."

Bo-ram aliinua macho. Babu, Shangazi, baba, mama, Babu Mkuu ndani ya kofia iliyopinda, na wazee wote mpaka wale viziwi, walikuwa wamemkazia macho, wakingoja atafsiri.